Maswali ya Wasomaji: Kitabu cha Tano Kimeshapita Tabora

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa mistari michache tu, habari ya wasomaji saba wa mjini Kigoma waliochangishana fedha wakaagiza The Shepherd's Crown, kitabu cha tano na cha mwisho cha visa vya Tiffany Aching, binti wa wafugaji wa kondoo anayejifunza uchawi katika ule mfululizo mrefu wa Discworld ulioandikwa na Mwingereza Terry Pratchett. Hatukutarajia kwamba mistari hiyo ingeleta barua nyingi kuliko zile za mbolea ya tumbaku, ambazo kwa kawaida ndizo zinazojaza safu hii. Kwa asiyeujua mfululizo wenyewe, ni riwaya 41 za kuchekesha zilizotoka kati ya mwaka 1983 na 2015, na zinasimulia dunia iliyo bapa kama sinia, iliyobebwa na tembo wanne, nao tembo wamesimama juu ya gamba la kobe mkubwa anayeogelea angani. Bibi yangu aliamini kwamba dunia yetu imekaa juu ya pembe la ng'ombe na kwamba ardhi hutetemeka ng'ombe huyo anapohamishia mzigo upande wa pili, kwa hiyo asingeona ajabu yoyote hapo, ila pengine angeuliza kobe huyo anakula nini.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi ni mmoja wa wale saba. Vitabu vinne vya kwanza tulivisoma kwa kupokezana nakala moja moja, hata cha pili kikapoteza jalada. Cha tano amekabidhiwa abiria wa treni kutoka Dar es Salaam, na kwa simu aliyotupigia jana usiku kimeshapita Tabora. Basi furaha imegeuka ugomvi kabla kitabu hakijashuka stesheni. Aliyechanga zaidi anadai asome kwanza, mwingine anataka turudie vinne vyote ndipo tufungue cha tano, na wa tatu anasema tusikiguse mpaka tumalize riwaya zote 41 kwa kufuata miaka ziliyotoka. Tufuate la nani? (Mwalimu wa shule ya msingi, Mwanga, Kigoma)

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Niruhusu nianze na huyo wa tatu, kwa sababu shauri lake lina sura ya busara na ndilo litakalowaharibia furaha. Riwaya hizo 41 hazikupangwa kama mabehewa, kwamba ukiruka moja treni inakatika. Zimegawanyika katika mikondo: upo wa wachawi, upo wa askari wa zamu wa jiji la Ankh-Morpork, upo wa Kifo mwenyewe, na mingineyo, na visa vya Tiffany, vilivyotoka mwaka 2003, 2004, 2006, 2010 na 2015, vinasimama kwa miguu yake. Tena kitabu cha kwanza kabisa, The Colour of Magic cha mwaka 1983, kinavifanyia mzaha vitabu vya mashujaa wenye mapanga na majoka ambavyo vilikuwa vikisomwa sana Uingereza na Marekani wakati huo. Ambaye hakuvisoma atakuwa kama mgeni aliyeingia msibani akamkuta mtani wa marehemu amejilaza mlangoni akidai hatoki mpaka alipwe: atadhani umezuka ugomvi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia nani ni mtani wa nani. Utani wa Mnyamwezi na Mzaramo ulikomaa katika njia ya misafara ya kwenda pwani, na hauna ladha kwa asiyeijua njia hiyo.

Kwa maoni yangu, mwandishi huyu alianza kuwa mkubwa pale alipoacha kuvicheka vitabu vya wenzake akaanza kuwatazama watu, na hilo linaonekana waziwazi tangu Guards! Guards! ya mwaka 1989. Katika kitabu kilichofuatia cha mkondo huo huo wa askari wa zamu, Men at Arms cha mwaka 1993, kuna aya moja inayomhusu Kapteni Samuel Vimes na buti zake ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Vimes anapata mshahara wa dola 38 kwa mwezi, na buti nzuri, za kumlinda mtu miguu kwa miaka 10, ni dola 50. Kwa hiyo yeye hununua za dola 10, zinazofaa kwa msimu mmoja au miwili kisha soli inabaki kama karatasi ya boksi, na miaka 10 ikiisha maskini ametumia dola 100 na miguu yake bado imelowa. Sisi tuna methali isemayo kwamba rahisi huvunja upishi, lakini angalieni jinsi methali hiyo inavyomlaumu mnunuzi, ilhali Vimes anailaumu mifuko. Nikitaka kumwonjesha mtu mzima mfululizo huu, humpa aya hiyo. Simpi kobe wala tembo.

Huyo wa pili, anayetaka mrudie vinne vyote, ana haki nusu. Rudieni cha kwanza peke yake, The Wee Free Men, kwa maana cha tano kinarudi nyumbani, kwenye vilima vya chokaa na kwenye kumbukumbu ya bibi yake Tiffany aliyekuwa mchungaji hodari. Hata hilo taji la mchungaji linalotajwa kwenye jina la kitabu halina dhahabu: ni kisukuku cha mnyama mdogo wa baharini mwenye miiba, cha namna ambayo wachungaji wa kusini mwa Uingereza huiokota katika ardhi ya chokaa iliyokuwa sakafu ya bahari zamani. Msomaji aliyesahau harufu ya sufu na tumbaku ya yule bibi atalishika taji hilo mkononi aone jiwe tu.

Sasa aliyechanga zaidi. Mpeni heshima ya kukifungua kifurushi, kisha someni kwa sauti, wote saba, kwa zamu. Sisemi hivi ili kuwapatanisha. Vitabu vya kuchekesha vikisomwa kimya na mtu mmoja, wenzake hubaki kumsikia akicheka chumbani, na hakuna linaloudhi kama hilo. Isitoshe, wapo wale watu wadogo wa buluu, Nac Mac Feegle, wenye kimo cha sentimita 15 au pungufu, wezi, wagomvi na walevi wasioogopa kitu duniani isipokuwa mwanasheria na karatasi zake, ambao hawawezi kusomwa kwa macho peke yake. Nyumbani kwangu nilishindwa kabisa kuwapa sauti mpaka mpwa wangu, aliyewahi kuishi Kigoma, alipowasoma kwa sauti ya wapakuaji wa dagaa wa mwalo wa Kibirizi alfajiri mitumbwi inapotia nanga, kila mmoja akimfokea mwenzake na hakuna anayesikiliza. Jirani alikuja kuuliza kuna nini. Nyinyi mna sauti hizo mlangoni, mnazikosa kwa nini?

SWALI: Kijana mmoja hapa kwetu anaapa kwamba kitabu cha 42 cha Discworld kinakuja na ameanza kuweka akiba. Ni kweli? (Msomaji, Ujiji)

JIBU: Mwambie akanunue kitu kingine. Terry Pratchett alifariki tarehe 12 Machi 2015 akiwa na umri wa miaka 66, na The Shepherd's Crown ilitoka Agosti ya mwaka huo huo. Alikuwa ameagiza kwamba kazi alizoziacha bila kukamilika ziharibiwe, na mwaka 2017, kwenye maonyesho ya mitambo ya mvuke huko Dorset, msaidizi wake Rob Wilkins aliitimiza amri hiyo: diski ya kompyuta ililazwa chini, ukapitishwa juu yake mtambo wa mvuke wa kushindilia barabara, na ilipoonekana kwamba diski bado ina ubishi ikamaliziwa kwenye mashine ya kusaga mawe. Najua watu wa Kigoma mmezoea kuona kilichozamishwa kikiibuka, kwa kuwa Wajerumani waliizamisha meli yao ziwani mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na tangu 1927 ikafanya kazi kwa jina la Liemba. Lakini wale mabaharia waliipaka mitambo grisi kabla ya kuizamisha, wakijua watairudia. Waliovunja diski hawakupaka grisi.

Yawezekana kijana huyo amesikia habari za A Stroke of the Pen, iliyotoka mwaka 2023. Hicho ni kitabu kipya kweli, lakini ni mkusanyiko wa hadithi fupi ambazo Pratchett aliziandika gazetini katika miaka ya 1970 na 1980 kwa jina la bandia la Patrick Kearns, nazo zilifukuliwa na wapenzi wake katika maktaba, wakipekua magazeti ya zamani ukurasa kwa ukurasa. Kobe hayumo. Mimi nilikisoma kwa furaha ya mtu aliyeonyeshwa picha ya rafiki yake alipokuwa mtoto.

SWALI: Binti yangu wa miaka 11 amesikia watoto wa mwalimu mmoja wakisimulia visa vya Tiffany na ananiomba kila siku nimtafutie. Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, aliposikia kwamba ni kitabu cha mtoto anayejifunza uchawi, alisema hakitaingia nyumbani mwake, na sitaki kumvunjia heshima. Wewe ungefanyaje? (Mama wa watoto watatu, Isevya, Tabora)

JIBU: Dada yangu, mama mkwe wako ana sababu, na ningekuomba usimcheke hata kwa tabasamu. Kosa la kwanza ni la neno lenyewe. Sisi tunapotamka "mchawi" tunamkusudia mtu anayeroga, anayetoka usiku, anayeua. Katika vitabu hivi, kazi ya hao wanaoitwa wachawi ni kuzalisha wanawake, kuwafunga watu vidonda, kuwakata kucha za miguu wazee wasioweza kuinama, na kukesha na anayekufa ili asife peke yake, na uchawi wenyewe huutumia kwa nadra, tena kwa aibu kidogo. Kwa Kiswahili cha kweli huyo ni mkunga, ni mganga, ni yule bibi wa mtaa anayeitwa kwanza kabla ya kuitwa mtu mwingine yeyote. Nadhani mama mkwe wako mwenyewe ameifanya nusu ya kazi hiyo maishani mwake bila kofia yenye ncha.

Ila kuna jambo la pili, nalo ndilo linalonifanya nikitetee kitabu hiki hasa kwetu huku. Katika The Wee Free Men tunasimuliwa habari za Bi Snapperly, kikongwe asiye na meno aliyeishi peke yake na paka wake na kuzungumza peke yake kama wazee wengi. Mtoto wa mtawala alipopotea, wanakijiji waliamua kwamba bibi huyo ndiye mchawi aliyemla. Walimvunjia nyumba, paka akauawa, hakuna aliyethubutu kumkaribisha kwake, na kikongwe akafa nje katika theluji. Tiffany anaamua kuwa mchawi kwa sababu hiyo, ili jambo kama lile lisitokee tena mahali ambapo yeye yupo. Sihitaji kukueleza mama kama huyo anafanana na nani. Kanda yetu hii ya magharibi na ile ya ziwa zimewaona vikongwe wakikatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu, na macho hayo yalikuwa mekundu kwa sababu wamepuliza moto wa kuni jikoni miaka hamsini wakiwapikia watu, wakiwemo hao hao waliowatuhumu.

Kichekesho cha Pratchett kinafanya kazi katikati ya mambo mazito kama hayo, na mfano wake ni mdogo tu. Tiffany, akiwa na miaka tisa, anakutana na jini wa mtoni mwenye macho ambayo kitabu cha hekaya kinasema ni makubwa kama sahani za supu. Mtoto mwingine angekimbia tu. Tiffany anakwenda jikoni, anachukua sahani ya supu, anaipima kwa uangalifu, anapata inchi 8, yaani takriban sentimita 20, kisha anarudi mtoni na kikaango cha chuma, amemweka mdogo wake mwenye peremende awe chambo. Nilicheka sana niliposoma hapo. Baadaye nikatambua kwamba kijiji kizima kilichomtupa nje Bi Snapperly hakikuwa na hata mtu mmoja wa kupima kitu.

Ningefanyaje? Ningemwomba binti amsomee bibi yake kurasa hizo, akizitafsiri papo hapo, na neno "mchawi" alitie kiraka apendavyo. Akikataa hata kusikiliza, basi nyumba ni yake, na kitabu kisomwe kwa jirani. Tahadhari moja ya kweli ninayo, nayo haihusu uchawi: vitatu vya kwanza vinamfaa mtoto wa miaka 11, lakini cha nne, I Shall Wear Midnight, kinaanza na habari ya msichana mjamzito aliyepigwa na baba yake hadi mimba ikatoka. Kisome wewe kwanza, uamue kama asubiri miaka miwili.

SWALI: Shikamoo. Nasoma kidato cha nne hapa Tabora. Niliazima kitabu kimoja cha Discworld nikakaa nacho pamoja na kamusi, lakini kila mstari nasimama, na nikishapata maana yote kichekesho kimeshakufa. Je, tatizo ni Kiingereza changu? Na je, vitabu hivi vinaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili? (Mwanafunzi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kama ulianzia kwa wale watu wa buluu, tatizo si lako: wanazungumza kwa kuiga lafudhi na maneno ya Kiskoti, na nusu ya maneno yao hayamo katika kamusi yako ya shule. Yapite. Soma ukurasa mzima ndipo urudi, na tanbihi zilizoko chini ya kurasa usiziruke kama unavyoziruka katika kitabu cha jiografia, maana mara nyingi utamu umefichwa huko. Wanaosema unasoma vitabu vya watoto waulize wao wanasoma nini.

Kuhusu tafsiri, swali lako limeninyima usingizi kwa siku mbili, kwa furaha lakini. Mchukue Kifo. Katika mfululizo huu Kifo ni mhusika kamili: mifupa mitupu ndani ya joho jeusi, farasi mweupe aitwaye Binky, anapenda paka, anapenda kari, na kila anachosema kimeandikwa kwa HERUFI KUBWA. Pratchett anamfanya mwanamume. Mtafsiri wa Kifaransa anapata taabu papo hapo, kwa kuwa neno la Kifaransa la kifo ni la kike, lakini Kiswahili hakiulizi kama mtu ni mume au mke, kwa hiyo tunapita mlango huo bila hata kuinama. Mlango wetu uko kwingine. Je, tuseme "Kifo kilipanda farasi" au "Kifo alipanda farasi"? Sarufi ya shule itadai ki-, na wahusika wa ngano zetu, kuanzia Sungura hadi Fisi, watadai a-. Mimi ningevitumia vyote viwili: watu ambao hawajamwona waseme "kifo kimekuja", na yule tu ambaye amesimama mbele yake, anayemwona ana paka begani, aseme "Kifo amekuja". Kwa silabi moja msomaji angejua nani yu hai na nani hayuko tena. Kiingereza hakina namna ya kufanya hivyo, na naamini mwandishi angetuonea wivu.

Nakuonya tu usimwite Ziraili. Huyo ni malaika, ana dini za watu nyuma yake, na hali kari.

Wala usidhani kwamba nchi za ajabu ni mali ya Waingereza. Shaaban Robert aliiweka Kusadikika angani mwaka 1951, akawaweka humo watawala ambao kila msomaji wa zama zile aliwatambua. Hakuwa na mzaha mwingi, hilo nakubali, lakini njia ilishafyekwa. Anza na ukurasa mmoja wa Kifo, uutafsiri, uniletee.

SWALI: Sisi wa Kasulu tutakipata kitabu hicho baada ya wale saba, yaani labda mwezi ujao, na siwezi kusubiri. Nimesikia kwamba mwandishi hakukimaliza, na kwamba kuna mtu tunayempenda anakufa mapema. Niambie tu ni nani. (Asiyevumilia, Kasulu)

JIBU: La kwanza nitakujibu. Msaidizi wake ameeleza katika maneno ya mwisho ya kitabu kwamba hadithi ina mwanzo, kati na mwisho, lakini mwandishi angepata muda zaidi angeiongeza nyama. Hilo utaliona, hasa kuelekea mwishoni, ambako baadhi ya sura zinapita haraka kuliko alivyozoea, na hutalijali kama unavyofikiri.

La pili silijibu. Nitakueleza tu kwamba sura za mwanzo nilizisoma nikiwa kwenye benchi la zahanati, nikisubiri majibu ya malaria, na muuguzi alipopita akaniona, akarudi, akaketi kando yangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepata habari mbaya kutoka nyumbani. Nikamwambia ndiyo.